Risasi bandia za mazoezi ya kujaza shotigani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa watu wa Tabora na Kigoma wanaoshika shotigani kwa kazi au kwa leseni halali: walinzi wa maghala ya tumbaku Urambo na Kaliua, walinzi wa vituo vya mafuta na maduka ya jumla Mwanga na Ujiji, askari wa wanyamapori wa vijiji katika hifadhi za jamii kama Ipole na Uyumbu, na wakulima wenye bunduki zao. Wengi wao kulenga wanajua. Kinachowashinda ni kujaza. Risasi inageuka mkononi, inaingizwa kinyume, inadondoka kwenye majani, au inakwama kati ya magazini (sehemu inayohifadhi risasi) na chemba (mahali risasi inapokaa tayari kufyatuliwa). Dawa yake ni mazoezi, na mazoezi ya kujaza hayafanywi kwa risasi za moto.

Risasi bandia ni nini hasa? Si ndiyo risasi baridi?

Hapana, na kosa hili la jina ndilo la hatari kuliko yote. Risasi bandia haina baruti, haina fataki hai (kile kiduara cha kitakoni kinachowasha baruti kikipigwa na pini ya bunduki), wala hakuna kitu ndani yake kinachoweza kuwaka. Ina umbo na urefu wa risasi ya kweli, na ikiwa nzuri ina uzito wake pia. Basi.

Jina la risasi baridi huku kwetu linatumika ovyo. Wengine wanamaanisha risasi ya mpira, wengine wanamaanisha ile inayotoa mlio bila kutoa marisau (vile vipunje vya madini vinavyoruka). Zote mbili zina baruti na fataki, zote zinalipuka ukivuta kifyatulio, na kwa karibu zote zinaweza kuua. Ukienda kwa muuzaji usiseme "nataka za mazoezi", kwa sababu hata risasi za moto zenye marisau madogo huuzwa kwa jina la mazoezi ya shabaha. Sema: "nataka zisizo na baruti wala fataki, za kujazia tu." Kisha igeuze moja uangalie kitako chake. Pale katikati panapokaa fataki pawe na tundu tupu, au mpira, au kidude cha springi kinachobonyea ukikisukuma kwa ukucha. Ukiona kiduara cha chuma kisicho na kovu la pini, irudishe mezani.

Kuna za kujazia na kuna za kufyatulia. Nichukue zipi?

Za kufyatulia zina springi au mpira mahali pa fataki, ili pini ya bunduki ipige kitu laini badala ya hewa. Za kujazia hazina kitu hapo. Kwa shotigani ya kukoki ya siku hizi (ile unayovuta kishikio cha chini ya mtutu nyuma na mbele), za kujazia zinatosha, maana pini zake huvumilia. Kwa bunduki ya zamani ya mitutu miwili, hasa yenye nyundo za nje, chukua zenye springi. Pini za bunduki hizo zikipiga hewa mara nyingi huvunjika ncha, na kupata pini ya bunduki ya miaka 60 iliyopita ni kazi ya miezi.

Angalizo moja. Baadhi ya zile za kufyatulia hutengenezwa fupi na zenye mbele ya mviringo, kwa ajili ya bunduki za kukunja tu, yaani zinazofunguka chemba kwa kukunjwa mtutu. Hukaa vizuri kwenye chemba, lakini kwenye magazini ya bomba zinaleta fujo. Ukitaka za kazi zote mbili, uliza kwa maneno haya haya: "zinapita kwenye magazini?"

Nitajuaje geji na urefu wa kununua?

Soma ubavuni mwa mtutu, karibu na chemba. Utakuta maandishi kama 12-70, au 12/76, au 2¾ na 3 kwa inchi. Namba ya kwanza ni geji, yaani kipimo cha upana wa mtutu, ya pili ni urefu wa chemba kwa milimita. Bunduki nyingi za kukoki zilizopo mikononi mwa walinzi ni za geji 12, chemba ya milimita 70 au 76. Za zamani za Uingereza huweza kuwa na chemba ya milimita 65.

Urefu huo unawachanganya wengi. Milimita 70 ni urefu wa ganda likishafunguka baada ya kupigwa, si wa risasi ikiwa mpya. Risasi mpya ya geji 12-70, ikiwa imekunjwa mdomo kwa mikunjo ya nyota, ina kama milimita 57 hadi 60 tu. Risasi bandia nzuri inafuata urefu huo wa pili. Ipo mitengenezo ya bei ndogo iliyochongwa milimita 70 kamili. Kwenye chemba itaingia. Ila magazini inayochukua 5 utaona inachukua 4, na ile ndefu inaweza kugoma kunyanyuka kwenye kibao kinachoipandisha kuelekea chemba. Mkono wako utazoea hesabu ya uongo, nayo hesabu ya uongo ya risasi ni mbaya kuliko kutofanya mazoezi.

Nina za geji 20 nimepewa. Naweza kuzitumia kwenye geji 12 kwa kuwa ni bandia?

Usizilete hata chumbani. Mtutu wa geji 12 una upana wa milimita 18.5, wa geji 20 una 15.6. Risasi ya geji 20 ikiwekwa kwenye chemba ya geji 12 huteleza mbele na kukwama mwanzo wa mtutu. Ukichungulia chemba unaiona tupu. Baadaye mtu anaweka ya moto ya geji 12 nyuma yake, anafyatua, na mtutu unapasuka karibu na mkono wake wa mbele. Kizuizi kikiwa cha plastiki au cha alumini hakipunguzi kitu. Kwa ajili hiyo watengenezaji wakubwa wameweka rangi ya njano kwa risasi za geji 20, mtu azitambue kwa jicho. Mahali penye bunduki za geji mbili tofauti, kila geji iwe na kopo lake, na mazoezi yafanyike siku tofauti.

Uzito una umuhimu gani? Si ni kujaza tu?

Una umuhimu kuliko rangi, kuliko chapa, na kuliko bei. Vidole vinajifunza uzito. Risasi ya kweli ya geji 12 yenye gramu 28 za marisau ina jumla ya kama gramu 40. Yenye mzigo mkubwa zaidi inakaribia 50. Na uzito huo uko mbele, upande wa marisau, ndiyo maana risasi ya kweli ikitoka mfukoni huelekea kuinamisha pua. Mtu aliyezoea kitu chepesi, akishika ya kweli gizani, vidole vinaibana kwa nguvu isiyotosha na inamponyoka.

Hesabu ni rahisi. Mche wa duara wenye upana wa milimita 20 na urefu wa 58 una ujazo wa kama sentimita za ujazo 18. Ukiwa wa mbao ya mninga utakuwa na gramu 11 hivi, robo tu ya uzito unaotakiwa. Wa nailoni ngumu isiyo na uwazi ndani, kama gramu 21. Wa alumini iliyojaa, kama gramu 49, hapo umefika. Wa shaba iliyojaa unapita gramu 150, huo ni nyundo, unaumiza springi ya magazini. Alumini yenye uwazi ndani iko katikati, kutegemea uwazi wenyewe. Kwa hiyo usiulize tu "ni za nini", uliza gramu ngapi. Muuzaji asipojua, mzani wa dukani wa kupimia bizari unatosha.

Kama umeshanunua nyepesi, si hasara. Zitumie wiki za kwanza kujifunza njia ya mkono, kisha uhamie kwenye nzito.

Za plastiki, za alumini, au zenye kitako cha shaba?

Tazama ukingo kwanza. Ukingo ni ile pete inayotokeza kitakoni, yenye upana wa kama milimita 22 na unene usiofika milimita 2. Kazi yote ya shotigani ya kukoki inafanyika hapo. Vizuizi vya magazini vinaushika ili risasi zitoke moja moja, na ndoano ya kilango (chuma kinachofunga nyuma ya chemba) inaushika ili kuivuta risasi kutoka chembani. Ukingo ukilika, kila kitu kinaharibika pamoja nao.

Plastiki ya kipande kimoja ndiyo rahisi kupata. Ukingo wake ndoano huuchonga kidogo kidogo, na baada ya mizunguko mingi unaona vumbi la rangi kwenye kibao. Dalili ya kuitupa ni mbili: ndoano inateleza na kuacha risasi chembani, au magazini inatoa mbili kwa mkupuo. Usingoje zote mbili.

Alumini inadumu zaidi na uzito wake ni mzuri. Chapa ya A-Zoom ni mfano unaofahamika wa alumini iliyotiwa rangi, na za geji 12 huuzwa mbili mbili. Kasoro ya alumini ni utelezi. Ganda la plastiki la risasi ya kweli lina mistari midogo inayoshika vidole, alumini haina, na kwa jasho la Ujiji mwezi wa pili inachomoka kama sabuni. Kuna wanaozungushia utepe wa gundi ili ishike. Msifanye hivyo. Utepe unaongeza unene, na gundi yake inayeyuka ndani ya chemba.

Zenye kitako cha shaba na mwili wa ganda halisi lililojazwa ndizo bora kwa kazi hii. Ukingo ni wa chuma kama wa risasi ya kweli, mwili unashikika, na kwenye mkanda wa mpira zinabana sawasawa. Hatari yake ni hiyo hiyo sifa yake, kwamba zinafanana mno na za moto. Rangi na tundu, tunavyoeleza mbele, kwa hizi ni lazima.

Fundi wetu ana mashine ya kuchongea miguu ya vitanda. Anichongee za mninga?

Kwa Tabora wazo hili linakuja haraka, mninga upo na mafundi wapo. Kwa bunduki ya kukunja, ambapo unaweka kwa vidole na kutoa kwa vidole, za mbao zinafaa kujifunzia hatua za mwanzo. Kwa ya kukoki, hapana. Nyuzi za mbao zinakwenda urefu wa mche, na ukingo wa milimita 2 unakata nyuzi hizo fupi. Ndoano ikivuta mara chache, kipande cha ukingo kinakatika na kudondokea ndani ya mashine ya kifyatulio. Hapo utaifungua bunduki nzima kutafuta kibanzi. Tena mbao inavimba: iliyochongwa Sikonge mwezi wa nane ikikaa Kigoma kando ya ziwa wakati wa masika huweza kukataa kuingia chembani.

Naweza kutengeneza kwa maganda yaliyokwisha kupigwa?

Unaweza, na zinatoka nzuri. Sharti la kwanza: usivunje risasi ya moto kwa ajili hii, hata moja, hata ya zamani, hata iliyolowa. Anza na ganda lililopigwa kweli, lenye kovu la pini kwenye fataki. Kama ni mlinzi wa kampuni, omba maganda kwa anayesimamia ghala la silaha, yahesabiwe na kuandikwa, maana mahali pengi maganda yanarudishwa.

Sukuma nje fataki iliyokwisha kulipuka kwa msumari butu kutokea ndani, na uache tundu hilo wazi au lizibe kwa silikoni. Kata mdomo wa ganda ubaki urefu wa jumla wa milimita 58, kwa kisu kikali, mkato ulionyooka. Osha masizi kwa maji ya sabuni, kausha siku nzima. Tumbukiza nati 2 za chuma za namba 8 (zile za kufunguliwa kwa spana ya 13), kisha jaza mchanga mkavu uliochekechwa ukiwa umechanganywa na gundi ya epoksi, mpaka ukingo wa mdomo. Pima. Ganda lenyewe ni kama gramu 8, mchanga na gundi kama 22, nati kama 10, jumla inazunguka gramu 40. Ukitaka uzito uwe mbele kama wa risasi ya kweli, weka nati mwishoni badala ya mwanzoni, ila zizame kabisa kwenye gundi.

Ikishakauka saa 24, lainisha ukingo wa mbele kwa msasa mpaka uwe mviringo kidogo. Pua yenye kona kali ndiyo inayogonga mdomo wa chemba na kukwama. Mwisho toboa tundu la milimita 6 linalopita upande hadi upande, katikati ya mwili, chini au juu ya nati. Tundu hili si urembo, na swali linalofuata linaeleza.

Kosa la kawaida ni kujaza mchanga mtupu bila gundi na kufunga kwa nta. Nta inalegea kwenye joto la gari lililofungwa, mchanga unamwagika ndani ya magazini, na bunduki inasaga kama jiwe la kusagia.

Rangi gani ni salama?

Hakuna rangi inayotosha peke yake. Risasi za moto za geji 12 zipo nyekundu, kijani, nyeusi, buluu, nyeupe. Rangi ya machungwa haionekani sana kwenye za moto, hivyo ni chaguo zuri la kuanzia, lakini mlinzi wa usiku haoni rangi. Anachokuwa nacho ni kidole. Ndiyo sababu ya tundu la ubavuni na tundu tupu kitakoni: ukipitisha kidole gumba unajua kabla ya kuangalia. Ukinunua za dukani za alumini ambazo hazina tundu, piga alama ya mkwaruzo kuzunguka mwili kwa msumeno wa chuma, kina cha nusu milimita, mbali na ukingo.

Ninunue ngapi?

Jaza magazini, ongeza moja ya chemba, kisha ongeza nne za mkandani. Kwa bunduki ya magazini ya 5, hiyo ni 10. Chini ya 6 utakuwa unaokota kuliko unavyojaza. Kwa kikundi cha walinzi 4 wanaopokezana bunduki moja, 12 zinatosha kabisa. Zaidi ya 12 zinapotea, na iliyopotea ndiyo itakayokutwa mahali pabaya.

Bunduki yangu ni ya mitutu miwili. Kuna tofauti?

Ipo ndogo. Angalia kama bunduki yako inasogeza tu maganda nje kidogo au inayarusha. Ya kusogeza haidai kitu, hata plastiki laini itadumu. Ya kurusha hufanya hivyo kwa springi yenye nguvu, na ingawa nyingi hurusha tu zikishafyatuliwa, unapofanyia mazoezi ya kufyatua na kufungua, risasi bandia za alumini zinaruka na kupiga sakafu ya saruji. Tandika mkeka au gunia. Ukingo uliopinda kwa kudondoka saruji utakwama wakati usiotarajia.

Chumba nikiandaeje?

Hapa usiruke hatua hata moja, na ufuate mpangilio huu kila siku, hata kama ni bunduki ile ile ya jana.

1. Elekeza mtutu kwenye viroba vya mchanga vilivyopangwa safu mbili. Ukuta wa tofali za udongo usiutegemee.
2. Funga kufuli la usalama, fungua chemba, tazama ndani, kisha ingiza kidole. Jicho linadanganyika kwenye chemba yenye giza.
3. Ingiza kidole kwenye magazini mpaka uguse kisukumio, kile kinachosukuma risasi kwa springi. Kama hukigusi, kuna kitu.
4. Chungulia mtutu kutokea nyuma, uone mwanga mpaka mwisho.
5. Toa risasi za moto zote, za bunduki, za mfukoni, za mkandani, zipeleke chumba kingine na ufunge kwa ufunguo. Mkanda wa kazini uwe mtupu kabla haujajazwa bandia.
6. Hesabu risasi bandia kwa sauti na uandike idadi.
7. Mtu wa pili arudie hatua ya 2 mpaka 5. Kama uko peke yako, rudia mwenyewe baada ya kuweka bunduki chini dakika moja.

Mtu akiingia chumbani katikati ya mazoezi, au simu ikiita ukatoka, unaanza tena hatua ya 2. Watoto na wageni wakae nje kabisa, si mlangoni.

Nifanye mazoezi gani, na kwa muda gani?

Dakika 15, mara 3 kwa wiki, zinashinda saa 2 za Jumapili. Vidole vikichoka vinajifunza makosa.

Anza na magazini. Bunduki begani au kwenye kwapa, mtutu mbele, macho yako mbele, mkono wa mbele unachukua risasi moja mkandani. Kitako cha risasi kielekee nyuma, kidole gumba kikisukume mpaka usikie mlio wa kizuizi kuushika ukingo. Bila mlio huo risasi itarudi na kukubana ukucha au kuingia chini ya kibao. Fanya 5, toa, rudia. Usihesabu sekunde wiki ya kwanza.

Ukishafanya 5 mfululizo bila kuangalia mkono, hamia kujaza chemba moja kwa moja: kilango kikiwa wazi, risasi inaingizwa kupitia tundu la kutolea maganda, kisha sukuma mbele. Hili ni zoezi la bunduki iliyoishiwa, na ndipo uzito unapojidhihirisha.

La tatu wengi hulisahau, nalo ni kutoa risasi bila kufyatua. Kwenye bunduki za kukoki kuna kitufe cha kufungulia kilango karibu na kifyatulio, na risasi za magazini hutolewa moja moja kwa kubonyeza kizuizi kwa kidole. Mlinzi anayemaliza zamu asubuhi kwa kukoki mara sita mfululizo huku kidole kiko karibu na kifyatulio anahitaji zoezi hili kuliko lolote jingine.

Tumia mkanda, mfuko na koti lile lile la kazini. Mazoezi ya kuchukua risasi juu ya meza yanafundisha meza.

Zinakwama. Tatizo ni bunduki au risasi bandia?

Jaribio la kwanza: toa risasi bandia, elekeza mtutu chini ukiwa umefungua chemba, ingiza kila moja kwa mkono na uiachie. Iingie kwa uzito wake, na ukiuelekeza mtutu juu itoke kwa uzito wake. Inayohitaji kusukumwa ni nene, au ina rangi ya mafuta iliyopakwa tabaka mbili. Rangi ya kupuliza tabaka moja haisumbui, ya brashi husumbua.

Ikipita jaribio hilo lakini inakwama ikinyanyuka, pima urefu na uangalie pua. Iliyo fupi mno, chini ya milimita 50, hujigeuza juu ya kibao. Ikibaki chembani unapokoki, ukingo umelika, au kuna uchafu chini ya ndoano. Zikitoka mbili kwa pamoja, ukingo tena, au vizuizi vya magazini vimechoka. Zikibadilishwa na mpya na tatizo likabaki, ni bunduki, na hapo usilazimishe: mpelekee fundi wa silaha mwenye kibali.

Ukikoki nusu nusu, kwa upole, nayo hukwama, hata kila kitu kikiwa kizima. Mkono uende mpaka mwisho nyuma, na mpaka mwisho mbele.

Zitunzweje?

Kitambaa kikavu kila baada ya mazoezi. Usizipake mafuta, maana mafuta yanakamata vumbi, na vumbi la Tabora kati ya mwezi wa sita na wa kumi linageuka kuwa msasa ndani ya magazini. Upande wa ziwani adui ni unyevu: shaba inafanya kutu ya kijani kitakoni. Ifute kwa kitambaa chenye majivu laini, kisha kikavu. Kopo liwe la bati lenye mfuniko, limeandikwa pande zote BANDIA, GEJI 12, na idadi. Lisikae kabati moja na risasi za moto hata kama kabati ni kubwa.

Je, sheria inasemaje? Naweza kusafiri nazo kwa basi au ndege?

Silaha na risasi nchini zinaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kabla ya kuagiza kutoka nje au hata Dar es Salaam, nenda ofisi ya polisi ya wilaya inayoshughulikia leseni yako, ukiwa na picha ya bidhaa na maelezo kwamba haina baruti wala fataki, na uombe jibu la maandishi. Ukiagiza kutoka nje forodha nao watauliza. Karatasi hiyo ikae ndani ya kopo.

Barabarani, risasi bandia iliyofanana na ya moto ikikutwa imetupwa kwenye begi la nguo inakupotezea siku. Iwe ndani ya kopo lake lenye maandishi, pamoja na risiti, na uwe wa kwanza kusema unacho nini. Kwa ndege usiweke kwenye begi la mkononi, maana wakaguzi huzuia hata vitu vinavyofanana tu na risasi. Ulizia shirika la ndege mapema.

Naweza kuchanganya bandia na za moto kwenye uwanja wa shabaha, ili nijifunze bunduki ikigoma?

Zoezi hilo lipo na wakufunzi hulitumia. Si la kufanya peke yako, na si la nyumbani kamwe. Linafanyika kwenye uwanja ulioruhusiwa, mkufunzi ndiye anayejaza. Liko jambo moja la kujua kabla: bunduki ikitoa mlio mkavu na kuna uwezekano kuwa iliyomo ni ya moto, acha mtutu ukielekea kwenye shabaha sekunde 30 kabla ya kufungua, kwa sababu fataki mbovu huweza kuchelewa kuwasha. Aliyezoea chumbani kukoki papo hapo atapata shida hapa, hivyo mkufunzi akumbushe kabla ya kila zamu.

Nahofia kusahau bandia ndani ya bunduki nikaingia nayo lindoni. Nizuieje?

Hofu hiyo ni ya haki. Mlinzi aliyeingia zamu na risasi bandia chembani hana silaha, naye hajui. Kinga yake ni idadi. Mazoezi hayajaisha mpaka idadi iliyoandikwa mwanzo ionekane mezani, imepangwa mstari mmoja, imesimama kwa vitako. Zikipungua, hakuna anayetoka chumbani na hakuna risasi ya moto inayorudi. Tafuta kwa mpangilio: chemba, magazini kwa kidole, chini ya kibao, ndani ya mtutu kwa kuchungulia, mkandani, mifukoni, chini ya mkeka. Mahali pa kwanza zinapojificha ni magazini, ile ya mwisho kabisa iliyolala juu ya kisukumio.

Kopo likishafungwa, aliyefunga aandike idadi na saa kwenye daftari la silaha. Ndipo chumba kingine kifunguliwe, na mlinzi ajaze za moto zamu ikianza, moja moja, akipitisha kidole gumba kitakoni na ubavuni mwa kila risasi kabla haijaingia.